Kifua cha Salu

Daktari Athanasi alivuta kiti, akakaa, akafungua daftari. Hilo peke yake lilimtia bibi Kwandu wasiwasi. Madaktari wengine wa wodi ile waliuliza wakiwa wamesimama, na daktari aliyesimama unamjibu upesi anakwenda zake. Anayekaa amekuja kutafuta kitu.

"Bibi, hii ni mara ya tatu tangu mwezi wa pili," alisema. "Salu analetwa na nimonia, tunampa sindano, anapona, anarudi nyumbani, anaumwa tena. Nimonia ya kawaida haina tabia hiyo. Kuna kitu kinaileta. Nataka tukitafute, mimi na wewe."

"Tukitafute, baba," alijibu Kwandu.

Salu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alilala katikati ya kitanda kikubwa kupita kiasi, mirija ya oksijeni imebandikwa puani, ngozi ya kifua ikizama katikati ya mbavu kila alipovuta pumzi. Kwandu alikuwa amemshika mguu. Siku mbili nzima hakuuachia mguu ule ila alipokwenda msalani.

"Mnapikia wapi?"

"Jikoni, nje. Salu haingii."

"Kuna mtu anakohoa nyumbani?"

"Nyumbani tupo wawili tu, mimi na yeye. Mimi sikohoi."

"Amewahi kunywa mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa siku hizi nani anayo, baba? Tuna taa ya jua."

"Amewahi kupaliwa na karanga? Punje ya mahindi? Mbegu ya pamba?"

Kwandu alifikiri kwa dhati, maana pamba ilikuwa imejaa chumba kizima nyumbani kwake kule Sapiwi. "Hapana. Karanga namsagia."

"Dawa za kienyeji je?"

"Sisi ni Wakatoliki," alisema Kwandu, na mwanamke wa kitanda cha jirani akacheka chinichini.

"Anakula nini?"

"Uji wa mtama. Maziwa. Ugali laini na mlenda. Papai likiwepo."

Daktari aliandika yote. Na yote yalikuwa kweli, msomaji asije akamwona bibi huyu mwongo. Aliulizwa chakula akataja chakula, akaulizwa dawa akasema hakuna. Hakuna aliyemuuliza habari za samli, na kwa Kwandu samli haikuwa chakula wala dawa. Ilikuwa ni jambo ambalo mtoto hufanyiwa asubuhi, sawa na kuogeshwa. Vijiko vitatu vya samli ya ng'ombe iliyopashwa moto, mtoto akiwa chali, ili kifua kilainike na tumbo lifunguke. Mama yake alimfanyia yeye, yeye akawafanyia watoto saba aliowazaa. Mtoto akikohoa anaongezewa, mara mbili kwa siku. Na nani anamweleza daktari kwamba mtoto wake anamwogesha?

Daktari akainua picha ya kifua kuelekea dirishani. Kwandu aliona mbavu ndogo, nyeupe, zimepangwa vizuri, akataka kulia.

"Pafu lisilo na ugonjwa linaonekana jeusi, kwa sababu ya hewa. Sasa angalia huku juu, kulia. Kuna wingu. Mwezi wa pili lilikuwa hapohapo, mwezi wa tano hapohapo." Alishusha picha. "Naogopa isije ikawa kifua kikuu. Mtoto mdogo hatemi makohozi, anayameza, kwa hiyo inabidi tuyafuate tumboni. Kesho asubuhi nesi atampitishia mrija puani hadi tumboni, avute majimaji. Lakini tumbo liwe tupu. Kuanzia saa sita usiku asile kitu, asinywe kitu. Umenielewa, bibi?"

"Nimekuelewa. Asile."

"Na kama kuna jambo lolote utakumbuka, hata dogo, niambie. Tukikosea chanzo, tutampa dawa za miezi sita ambazo si zake, na hiki kinachomuua kitaendelea kumuua."

Neno lile, kumuua, Kwandu alibaki nalo mchana kutwa.

Jioni ile alifika Joyness, mama yake Salu, akitokea Nyashimo, ambako alipika katika mgahawa mmoja ulio kando ya barabara kuu. Alikuwa bado ananukia vitunguu. Baba yake Salu hatutamtaja, maana hata yeye mwenyewe hakupenda kujitaja. Joyness alikuwa kitinda mimba wa Kwandu. Alimwacha mtoto kwa mama yake akiwa na miezi saba, ili aende kutafuta maisha, na maisha yenyewe alikuwa bado anayatafuta.

Salu alikuwa ameanza nafuu. Mchana ule walimwondolea oksijeni, akakaa, akala uji. Joyness alimnyanyua, na mtoto akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Alinyoosha mikono miwili kwa bibi yake.

"Ananikimbia," alisema Joyness.

"Hajakuzoea tu. Mlete."

"Mama, mimi ndiye niliyemzaa."

Ndani ya moyo wake Kwandu alifurahi, na alijua kwamba kufurahi kule ni kubaya. Nesi Winnie akapita na karatasi zake, akawakuta wawili.

"Ndani anabaki mmoja. Mama mtoto ameshafika, kwa hiyo wewe bibi utapumzika nje barazani na wenzako."

"Mwanangu, huyu hajazoea kulala bila mimi."

"Atazoea. Bibi, usinipandishie pressure, wodi imejaa."

Akatoka na mkeka wake na kikapu chake. Barazani wanawake walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja na nafasi yake na jirani yake, wanapiga soga, wanachanga chumvi. Kwandu alipata nafasi mwisho kabisa, karibu na bomba linalovuja. Alilala ameelekeza sikio kwenye dirisha la wodi. Nyumbani alikuwa amezoea kumwambia Salu kila kitu: mvua, kuku aliyepotea, mtoto gani amepiga simu na nani hajapiga. Alimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu, lakini kwake utani ulikuwa umekaribia kuwa kweli, kwa sababu katika nyumba ile ya vyumba vinne hakukuwa na mwanaume mwingine wala mtu mwingine wa kumpikia.

Alfajiri Joyness alitoka na ndoo kwenda kufua. Kwandu alikuwa ameshaamka zamani. Akaingia.

Salu alikuwa macho. Alikohoa mara mbili, kikohozi kidogo kikavu, na hicho ndicho kilichomponza. Siku tatu hizi manesi hawakumpa Kwandu nafasi, na sasa alisikia kifua kile kikavu akaona kosa ni lake, kwamba amemwacha mtoto bila kumlainisha. Katika kikapu alikuwa na samli ndani ya chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Alikuwa ameilalia ubavuni ili isigande. Akakaa chini sakafuni nyuma ya kitanda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto chali juu ya miguu yake, kichwa kikielekea nyayoni. Akaukunja mkono wa kushoto kuzunguka mdomo wa mtoto, ukawa mfereji. Akamimina.

"Meza, mume wangu. Meza."

Salu alirusha miguu, akakaza shingo, akameza kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuvuta pumzi. Kwandu alimfuta mdomo kwa kanga, akamrudisha kitandani. Daktari alikataza kula, na yeye hakumlisha. Roho yake ilikuwa nyeupe kabisa.

Saa moja na nusu nesi Winnie alipitisha mrija. Joyness alimshika mtoto mikono, Kwandu akachungulia mlangoni, beseni mkononi. Majimaji yakapanda kwenye bomba la sindano, na Winnie akayainua kwenye mwanga. Akayaangalia muda mrefu. Juu ya majimaji yale ulikuwa umekaa utando wa njano.

"Mama Salu."

"Abee."

"Mtoto amekula nini?"

"Hajala kitu, nesi. Toka jana saa tatu usiku."

"Usinidanganye. Haya ni nini? Haya si mafuta?" Akalishusha bomba hadi mbele ya uso wa Joyness. "Umempa chipsi? Umempa andazi?"

"Sijampa, haki ya Mungu."

"Nyie wasichana mna shida gani? Mnazaa, mnawatupia mama zenu, mnakuja hapa siku moja mnataka kuua. Tumekwambia tumbo liwe tupu. Sasa tumemtesa mtoto bure!"

Akina mama kumi na wawili walimtazama Joyness, na baadhi walitikisa vichwa. Msichana alianza kulia huku bado amemshika mtoto mikono, kwa hiyo machozi hakuweza kuyafuta, yakadondoka mpaka shukani.

Kwandu alisimama mlangoni. Aliona utando ule wa njano na aliujua, maana anayetengeneza samli kwa miaka arobaini hahitaji kuionja. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akageuka na beseni lake akaenda bombani, akalisuuza beseni safi, akalisuuza tena.

Kabla ya saa sita Salu alibadilika. Homa ilipanda, mbavu zikaanza kuzama, na kidude kilichombana kidole kupima hewa kikaanza kulia. Wakamrudishia oksijeni. Kwandu aliona kupitia dirishani migongo ya manesi tu, na katikati ya migongo mguu mmoja mdogo usioshikwa na mtu.

Alikaa kwenye mkeka. Mwanamke mmoja kutoka Kiloleli alimwuliza kama anataka uji, akasema ameshiba, ingawa hakuwa amekula tangu jana. Alikuwa anapima mambo mawili, na yote yalikuwa mazito. Akisema, Joyness atamchukua mtoto, na nyumba ya Sapiwi itabaki na yeye na kuku. Asiposema, watampa Salu dawa za miezi sita ambazo si zake, na kila asubuhi ya miezi hiyo itakuwa imeanzia mkononi mwake. Lakini pia, labda si samli. Watoto wangapi wamekua kwa samli? Akawahesabu wake. Athanasia, Sylvester, Ngassa, Nyanda, Felisita, Mwandu, Joyness. Akarudi nyuma akasimama kwa Mwandu, ambaye hakukua. Akainuka.

Daktari Athanasi alikuwa ofisini na watu wawili.

"Subiri nje, bibi."

Akasubiri. Watu wawili wakatoka, wakaingia watatu waliomkuta pale. Kijana wa maabara alimwambia asizibe mlango, akajibanza ukutani. Hatimaye aliingia bila kuitwa, akaiweka chupa juu ya meza, katikati ya karatasi za daktari.

Daktari aliigeuza. "Dawa ya kikohozi? Umekuwa ukimpa hii?"

"Chupa ni ya dawa. Ndani ni samli." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Binti yangu hakumpa mtoto kitu. Ni mimi. Nampa kila siku tangu aje kwangu."

"Anaila na ugali?"

"Anamiminiwa."

Athanasi akachukua ile picha ya kifua, akaitazama upya, akainuka. "Njoo unionyeshe unavyommiminia. Usimpe, nionyeshe tu."

Kumwonyesha ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kusema. Wodi nzima ilikuwa inatazama, Joyness amesimama upande mmoja na macho yaliyovimba, nesi Winnie upande mwingine. Kwandu alikaa sakafuni palepale pa alfajiri, akanyoosha miguu. Winnie akamsogezea mtoto, mrija wa oksijeni ukamfuata. Kwandu akamlaza chali. Hakuwa na kijiko wala chupa. Aliukunja tu mkono wa kushoto, akausogeza.

Salu alipouona mkono ule alifumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Akageuza kichwa, akakaza shingo, na machozi yakamtoka pembeni mwa macho bila sauti yoyote, kwa maana alikuwa amebana pumzi.

Kwandu alikuwa amemfanyia hivyo mamia ya asubuhi na hakuwahi kumwona. Alikuwa anatazama samli isimwagike.

"Inatosha, bibi," alisema daktari, akamchukua mtoto, akamweka begani kwa Joyness. Akazungumza taratibu, kwa wote wawili. "Mafuta hayafanani na maji. Maji yakikosea njia mtoto anakohoa, anayatoa. Mafuta yanateleza kimyakimya yanashuka kwenye mapafu, na mtoto akiwa chali yanakimbilia hapa juu, kwa nyuma. Hapohapo penye wingu. Yakikaa pale pafu linavimba, vijidudu vinapata pa kuzaliana. Anakohoa, mnamwongezea."

"Mara mbili," alisema Kwandu. "Akikohoa nilimpa mara mbili."

"Majibu ya kifua kikuu nitayasubiri, siwezi kuacha kitu. Ila nadhani chanzo tumekipata. Tutaendelea na sindano, na samli basi, hata tone. Mapafu ya mtoto yana subira, yatajisafisha polepole."

Alitaka kuondoka. Kwandu, akiwa bado sakafuni, akamshika upindo wa koti.

"Baba, nilikuwa na mtoto mwingine. Mwandu. Alikuwa na miezi minane. Walisema kichomi. Naye nilimpa."

Daktari alichuchumaa. Lilikuwa ni swali ambalo mtu mpole angelijibu kwa uongo, na Kwandu angeupokea.

"Sijui, mama," alisema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita mama. "Mtoto ambaye sijamwona siwezi kumsemea. Watoto wengi wanakufa kwa nimonia bila samli. Lakini sijui."

Nesi Winnie alimwendea Joyness akamwambia samahani kwa sauti ya chini kuliko aliyotumia kumtukana. Joyness aliitikia kwa kichwa. Hakuwa anamtazama nesi.

"Mama," alisema. "Ulikuwa pale mlangoni."

"Nilikuwa pale."

"Ukanisikiliza natukanwa."

Hakupiga kelele, na Kwandu alitamani sana apige.

Salu alikaa wodini siku kumi na moja zaidi. Majibu ya kifua kikuu yalirudi safi. Siku ya kuruhusiwa, Joyness alimfunga mgongoni na kusema ameongea na tajiri yake, atakuwa anakwenda naye kazini, atamweka kwenye jamvi nyuma ya jiko. Kwandu alisema moshi si mzuri kwa kifua. Joyness alisema kule wanapikia gesi. Wakaagana kwenye geti la hospitali kwa mikono, kama watu waliokutana msibani.

Wiki ya nne tangu arudi Sapiwi, Kwandu alikuwa anachambua pamba uani alipokuja Jenifer, mke wa kijana mmoja aliyehamia karibuni, mtoto mchanga mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu."

Jenifer alikaa kwenye kigoda, akafunua kanga. Alikuwa mtoto wa kike wa miezi mitatu, nywele nyingi, pua inachuruzika. "Anakohoa tangu juzi. Mama mkwe hayupo na mimi sijui kumpa samli, naogopa. Watu wanasema mkono wako mzuri, mayu. Salu alikuwa wa kufa, leo yuko mzima."

Akamweka mtoto mapajani mwa Kwandu kabla hajaombwa.

Alikuwa wa moto, mzito kidogo kuliko anavyoonekana. Akashika kidole cha Kwandu akakikaza. Tangu kwenye geti la hospitali kule Bariadi hakuna mtu aliyemgusa Kwandu, isipokuwa wakati wa kupeana amani kanisani. Joyness alipiga simu Jumapili moja, dakika mbili, akasema Salu hakohoi, anaanza kutembea. Kwandu alimwangalia mtoto huyu na akaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Wala asingempa kitu. Angesema samli imeisha, mlete kesho nimkande kifua. Na kesho kutwa. Msichana huyu hana mama mkwe nyumbani, angekuja kila siku, wangekaa, wangezungumza.

"Jenifer," alisema, "sikiliza. Salu aliumwa kwa sababu ya mkono huu unaousifu."

Akamweleza. Alimweleza kuhusu chali, na mafuta yanayoteleza kimya, na utando wa njano, na jinsi mtoto alivyofumba mdomo. Alipofika mwisho aliona hajafika mwisho, akamweleza na Mwandu, jambo ambalo hata Joyness hakuliuliza tena. "Mpeleke zahanati sasa hivi, wamhesabu pumzi. Nyumbani usimpe mtu yeyote amnyweshe kitu. Hata mimi."

Jenifer alimtazama Kwandu kama mtu aliyekaa kwenye nyumba ya watu na kugundua amekosea mlango. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kwa adabu yote, akamfunga mgongoni.

"Basi, mayu. Wabeja," alishukuru.

"Umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa."

Kwandu alimsindikiza kwa macho. Zahanati ni kulia, kufuata barabara ya gari. Jenifer alifika kwenye njia panda, akasimama kidogo akiweka mtoto vizuri, kisha akakata kushoto. Kushoto hakuna kitu ila mashamba na nyumba ya bibi Milembe, ambaye naye anasifiwa mkono, na ambaye ana ng'ombe wengi.

Lilikuwa jua kali, na pamba ilikuwa imetapakaa uani bila mtu wa kuiangalia. Kwandu alijua Milembe atasema nini, na wanawake wengine watasema nini kanisani wakilisikia jina la Mwandu. Alikaza kanga kiunoni, akashika njia.

"Jenifer!"

Msichana hakugeuka. Kwandu akaita tena, kwa nguvu zaidi, akaongeza mwendo.